Nusu Iliyo Karibu na Mtoto

3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini umzima na mguu umepungua kuvimba. Baba ameniambia kwamba siku hizi chakula cha jioni anakula kwako, nami nakushukuru kwa hilo. Mimi sijambo. Chumba changu bado kinavuja pembeni ya dirisha na mwenye nyumba bado anaahidi.

Nimeona niandike barua kamili kwa sababu vikaratasi ninavyokuwekea kwenye kifuniko cha boksi la barafu ninapokurudishia huvijibu. Nimeshaweka viwili. Najua tulikubaliana mbele ya Baba, baada ya msiba wa Mama, kwamba mimi na wewe hatupigiani simu, na sina nia ya kuvunja makubaliano. Lakini kazi ni kazi.

Kila Jumanne unanitumia kutoka leba yenu kamba za kitovu ambazo wazazi wenyewe wametia sahihi zije maabara badala ya kuchomwa. Nikizipata, naufungua ule mshipa mkubwa wa katikati, nauosha, halafu natoa seli za utando wake wa ndani, ule mwembamba kuliko karatasi ambao damu hupita juu yake. Nazikuza kwenye sahani ndani ya kabati la joto. Baada ya siku kadhaa, yale maji zilimokulia nayahamishia kwenye sahani za seli nyingine, za misuli laini, ile inayouzunguka mshipa na kuubana au kuulegeza. Nataka kuona utando unaiambia nini misuli.

Utando mzima unapaswa kuituliza. Misuli ikipewa maji yake inakaa kimya, haiongezeki. Kamba sita nilizopata hospitali ya hapa jirani, kabla hawajaacha kutoa, zilifanya hivyo. Zako zinafanya kinyume. Misuli inaota kama magugu baada ya mvua.

Swali langu ni moja na naomba jibu moja. Tangu mtoto anapotoka mpaka kamba inapoingia kwenye chupa, unaifanyia nini?

Binti wa kaka yako

*

19 Machi

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Mguu haujapungua na hautapungua, una miaka thelathini na moja ya kusimama. Baba yako hajambo. Jana alilalamika kwamba chumvi haikutosha, na sahani alikuwa ameshailamba. Paa la nyuma tumeliziba. Yule paka wa mama yako amezaa tena, watatu, ndani ya kabati la shuka, na hakuna aliyethubutu kumtoa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. "Unaifanyia nini." Hivyo ndivyo mnavyofundishwa kuwaandikia wakubwa huko? Wodini wananiita Mama Mkasi. Wewe utadhani ni kwa ajili ya ukali. Wananiita hivyo kwa sababu tangu nianze kazi sijawahi kukata mahali pasipotakiwa kukatwa.

Haya, andika kwenye daftari lako. Natoa mtoto. Nafunga. Nakata. Mtoto nampa mama yake. Kipande chako nakitia kwenye maji ya chumvi yaliyopozwa, nafunga chupa kwa plasta, naandika saa, nazungushia barafu. Boksi nalipeleka mwenyewe kwa mtu wa vifurushi, kwa mguu huu huu unaouombea dua. Kama barafu inayeyuka njiani, mgombeze yeye. Na kama seli zako zina kiburi, labda zimekaa na wewe muda mrefu mno.

Leo natuma nne. Ya pili ni ya mama aliyeshinda na uchungu tangu alfajiri, amening'ang'ania kola mpaka kifungo kikatoka. Ishike kwa heshima.

Shangazi yako

*

6 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za paka. Mwenye nyumba hatimaye amekuja, akapaka rangi juu ya unyevu, akaondoka akijisifu.

Umejibu kila kitu isipokuwa nilichouliza. Kati ya "natoa mtoto" na "nafunga" kuna kitu umekiruka, na nimekijua bila wewe. Kamba za hospitali ya hapa zilikuwa zinakuja na damu nyeusi ndani ya mshipa, naiosha mara tatu ndipo maji yatoke safi. Zako zinafika nyeupe. Tupu kabisa. Wiki iliyopita nilipasua moja kwa urefu nikaiweka chini ya hadubini. Utando umechunika kwa mistari, na kila mstari una upana wa kidole cha mtu mzima.

Nikueleze maana yake, ili usiseme nakusumbua kwa jambo dogo. Seli za utando zikijaa sahani, zikashikana bega kwa bega bila pengo, zinatulia, na zikitulia zinatoa kitu cha kuituliza misuli. Zikiwa chache na zimejeruhiwa, zinahangaika kuziba mapengo, na katika kuhangaika huko zinatoa vitu vya kuchochea ukuaji. Misuli jirani inavipokea nayo inaanza kuongezeka. Ndicho kinachompata mgonjwa aliyezibuliwa mshipa wa moyo. Kile kifaa cha kuzibulia kinapita, kinakwaruza utando, misuli ya chini yake inakua kuelekea ndani, na baada ya miezi mshipa unaziba tena palepale. Mimi nasomea mazungumzo hayo. Siwezi kuyasikia kama utando unanifikia ukiwa umeshakwaruzwa na mtu.

Msimamizi wangu haamini kitu. Ameona kamba sita za mwanzo zinasema hivi, arobaini na moja zako zinasema vile, na ameniuliza mbele ya wenzangu wote kama zile sita nilizitunga. Jirani yangu wa mezani aliinama akajifanya anatafuta kalamu. Tarehe 20 Agosti naitwa mbele ya kamati. Nisipoweza kuonyesha tofauti imetoka wapi, wananifukuza kama mwongo, na hakuna maabara nyingine itakayonipokea.

Unazikamua, Shangazi. Kwa vidole. Sema tu.

Binti wa kaka yako

*

30 Aprili

Binti wa kaka yangu,

Marahaba, ingawa salamu yako safari hii ilipita mbio kama mtu anayedaiwa. Paka wawili wamepata wa kuwachukua, wa tatu amebaki kwa sababu baba yako anajifanya hampendi. Goti lake linamkatalia ngazi, kwa hiyo tumemshushia kitanda chini.

Boksi mbili hazikukufikia kwa sababu sikuzituma. Sikuumwa, sikusahau. Sikutaka.

Ndiyo, damu haimo. Damu ni ya mtoto. Mtoto ametoka, kamba bado imebeba damu yake, halafu niifunge humo humo ije huko uioshe mara tatu uimwage kwenye sinki? Naishika kamba, nateremsha vidole kuelekea kwa mtoto, taratibu, mara nne, ndipo nafunga. Wale wanaozaliwa wadogo mno siwafanyii, najua hatari yake. Waliobaki wote nimewapokea hivyo. Idadi yao siijui, ila nikienda sokoni wapo wenye ndevu wanaoniamkia.

Umepata jibu lako. Kwa nini nafanya hivyo hukuuliza, na usije ukauliza. Wala usije ukaniambia niache.

Halafu hiyo "sema tu" yako. Maneno ya namna hiyo ulinipa msibani, mbele ya waombolezaji, mama yako hajatolewa ndani, nami nikayameza kwa heshima yake. Tumbo sasa limejaa.

Natuma tatu.

Shangazi yako

*

15 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mwambie Baba nimempata daktari mzuri wa magoti, nitamtumia jina lake. Mimi nina mafua tu.

Maneno ya msibani nayakumbuka yote, hayakuwa mengi. Nilisema ulimliza mama yangu kila mwaka na ukajifanya mimi ni mtoto wako, na ndivyo ilivyokuwa. Kila mwaka, siku mbili baada ya siku yangu ya kuzaliwa, ulikuja asubuhi na lile koti lako la kijivu ukamchukua. Hamkusema mnakwenda wapi. Jioni alirudi macho yamevimba, akaingia chumbani, akafunga mlango. Tangu nina miaka sita nilikuwa nakaa dirishani nawasubiri. Keki ilikuwa bado haijaisha na mama yangu analia. Nilikuuliza mara moja ulikuwa unamsema kwa kosa gani, ukaniambia watoto hawaulizi. Sasa mimi si mtoto na bado unaniambia nisiulize. Usinifundishe kumeza, nimemeza kabla yako.

Turudi kwenye kazi. Nimesoma mwongozo wa hospitali yenu. Umebandikwa leba, bila shaka unapita mbele yake kila siku. Unasema mkunga asubiri mpaka kamba iache kupiga, ndipo afunge, na unakataza kukamua. Mtoto anapata damu yake kwa kusubiri, hakuna anayemnyima. Naomba kamba kumi tu zilizofungwa hivyo. Kumi, Shangazi, katika maelfu. Nikizipata kabla ya mwisho wa Juni, naweza kuziweka mbele ya kamati kando ya zile zako nyingine nikawaonyesha kwamba sikutunga.

Ukikataa, nitamwandikia metroni wenu. Sikutishi. Nakueleza nitakachofanya ili usije ukasema nilikuzunguka.

Binti wa kaka yako

*

12 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Wiki nne zimepita, hakuna barua wala boksi. Baba anasema uko mzima na kwamba nisimwingize kwenye ugomvi wetu.

Nimemwandikia metroni. Nimeuliza tu namna kamba zinavyoshughulikiwa leba kabla ya kuja kwetu. Sikukutaja.

Binti wa kaka yako

*

2 Julai

Binti wa kaka yangu,

Hukunitaja! Leba nzima mkunga anayetuma boksi ni mmoja, boksi lina jina lako, na jina lako la ukoo ndilo langu. Kweli hukunitaja. Ungechora tu picha ya mguu wangu.

Nikueleze ulivyonifanyia, kwa kuwa unapenda maelezo. Waliniita Jumatatu, ofisini kwa metroni, mtoto ambaye nilimfundisha mimi kuvaa glavu. Palikuwa na daktari mkuu na karani wa kuandika. Barua yako ilisomwa kwa sauti, pamoja na ile sehemu ya "mistari yenye upana wa kidole". Karani alinitazama vidole. Wakaniuliza kama nakamua kamba wakati mwongozo unakataza. Nikasema ndiyo. Wakaniuliza tangu lini. Nikasema tangu kabla metroni hajajua kusoma. Wakaniuliza sababu. Sikuwapa, na karani akaandika kwamba sina sababu.

Sasa niko stoo ya shuka. Napokea chafu, natoa safi. Chumba hakina dirisha, kina taa moja inayolia kama mbu. Kupitia ukutani nasikia watoto wanazaliwa, najua kwa mlio tu kama mtoto yuko sawa, na siruhusiwi kuvuka mlango. Jana mmoja alichelewa kulia. Nilisimama na shuka mkononi mpaka alipolia, ndipo nikagundua nimeikunja vibaya.

Kaka yangu nimempa nakala ya barua yako kwa metroni aisome. Ameisoma, ameikunja, ameiweka chini ya redio. Usimpigie kumdai aseme neno.

Ulisema utando ukikwaruzwa unachochea. Mimi umenikwaruza, na bado siku hizi zote sijakuandikia kwa sababu niliyotaka kuandika yasingefaa kusomwa na mtoto wa mtu. Haya ndiyo mapole.

Sina salamu.

Shangazi yako

*

13 Julai

Shangazi,

Shikamoo hata kama huipokei.

Sikutaka utolewe leba. Nilitaka kamba kumi. Nimeandika sentensi ya kuomba msamaha mara tatu na kila mara nimeichana, kwa sababu katikati yake hasira inarudi. Ulikuwa na wiki nne za kunijibu. Ungeandika mstari mmoja, "siwezi, na sababu ni hii", nisingemwandikia mtu yeyote. Uliniachia mlango uliofungwa kama ulivyonifungia maisha yangu yote, halafu unashangaa nimeupiga teke.

Kamati iko palepale. Msimamizi ameacha kuja mezani kwangu. Jibu la metroni lilikuwa la mistari miwili, kwamba jambo limeshughulikiwa na kwamba hospitali haitatuma tena kamba. Kwa hiyo wote tumepoteza, kama hilo linakufurahisha.

Nauliza ulichonikataza kuuliza. Kwa nini unakamua?

Binti wa kaka yako

*

27 Julai

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Baba yako anatembea vizuri kidogo. Paka amekua, anamlalia mapajani wakati wa taarifa ya habari, na baba yako anasema anamfukuza.

Mama yako aliniapisha nisikwambie. Nimekaa stoo mwezi mzima nabishana naye kati ya mafungu ya shuka. Sijui nani ameshinda. Naandika.

Hukuzaliwa peke yako. Mlikuwa wawili. Mimi nilikuwa na miaka mitatu kazini, mama yako wifi yangu alisema hataki mkono mwingine ila wangu. Kaka yako alitangulia. Wakati ule utaratibu ulikuwa mtoto akitoka tu kamba inafungwa papo hapo, na daktari alikuwa na haraka kwa sababu wewe ulikuwa umelala vibaya. Akasema funga, nikafunga. Mtoto alikuwa mweupe, midomo mpaka kucha. Nilikuwa nimeshika mkononi kamba nene, nyeusi kwa damu, imefungwa, na mtoto pembeni hana rangi. Nikaikata kama nilivyofundishwa, na baadaye ikaenda kwenye ndoo na damu yake.

Dakika kumi na nane baadaye ukaja wewe, na wewe mweupe. Daktari akasema funga. Nikaikamua kwako mara nne, yeye ananipigia kelele, ndipo nikafunga. Ulipata rangi mbele ya macho yangu, kuanzia masikio. Kaka yako alikaa siku mbili.

Daktari aliniambia baadaye kwamba hata ningemkamulia, huenda asingepona, matatizo yake yalikuwa mengine. Huenda. Sikumwuliza tena mtu. Tangu siku hiyo sijaifunga kamba ya mtoto aliyetimia ikiwa na damu ndani. Metroni ana mwongozo wake, na inawezekana uko sahihi, kusubiri kunatosha. Kichwa changu kinakubali. Vidole havikubali.

Mama yako hakutaka ujue, alisema utakua unajiona umekula fungu la mwenzio. Nilikataa wakati ule na ningali nakataa, lakini mtoto alikuwa wake, siyo wangu, ingawa uliwatangazia watu kwamba nilijifanya wangu.

Sasa boksi. Usilifungue kwa papara.

Wewe uliuliza kama nakamua, hukuuliza nakamua wapi. Kamba ni ndefu. Vidole vyangu havijawahi kufika kwenye kondo la nyuma, vinaanzia katikati kwenda kwa mtoto. Na kipande nilichokuwa nakukatia ni hicho hicho cha upande wa mtoto, kwa sababu ndicho kilichokuwa mkononi mwangu. Nusu ya pili, ambayo sikuigusa, ilikwenda na kondo kwenye ndoo. Kila Jumanne nilikuwa natupa unachokitafuta. Nililijua hilo tangu barua yako ya Aprili. Sikukwambia kwa sababu ya ile "sema tu". Hayo ni makosa yangu na nimeyaandika kwa mkono wangu, unaweza kumsomea yeyote unayetaka.

Nesi mmoja niliyemfundisha ameniletea stoo kamba sita za siku mbili hizi. Wazazi wametia sahihi, na daktari mkuu ameruhusu boksi moja la mwisho, usiniulize nilivyompata. Watoto walishasubiriwa dakika zao kama mwongozo unavyotaka. Damu iliyobaki ilikuwa si ya mtu tena. Kila kamba nimeikata katikati. Nusu moja sikuigusa, plasta yake nimeandika "kondo". Nusu nyingine nimeikamua mara nne, kwa vidole vile vile, kwa nguvu ile ile, plasta yake nimeandika "mtoto". Mama mmoja, kamba moja, saa moja, tofauti ni mimi tu. Waonyeshe hiyo kamati yako.

Nilifanya kazi hiyo juu ya meza ya kukunjia shuka. Ni mara ya kwanza maishani nakamua kamba ambayo upande wa pili hakuna mtoto. Sikuipenda. Usiniombe tena.

Shangazi yako

*

27 Agosti

Shangazi,

Shikamoo.

Nusu za kondo zilijaza sahani zote sita, bila pengo, na misuli iliyopewa maji yake ilitulia. Nusu za mtoto hazikujaza. Misuli yake iliota kwenye sahani tano kati ya sita. Ya sita ilitulia na sijui kwa nini, nimeiandika hivyo hivyo. Kamati ilizitazama moja moja. Mmoja wao aliuliza nani alibuni kukata kila kamba nusu kwa nusu. Nikasema mkunga mwenye miaka thelathini na moja kazini. Wameniongezea mwaka. Msimamizi wangu aliniambia "hukutunga" akiwa anatazama ukuta.

Kwa metroni nimeandika barua ya pili. Nimemweleza kwamba ya kwanza niliiandika kwa hasira za nyumbani, na kwamba uliwakamulia watoto kwa sababu unayoijua na siyo kwa uzembe. Hajajibu. Sidhani atakurudisha na sitakudanganya kwamba atakurudisha.

Bado nina hasira na wewe. Na Mama pia, na Baba na redio yake. Mmenilea watatu mkiwa mnajua, na hakuna aliyeniambia nilipokuwa nazungumza peke yangu kitandani kwamba palikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Nimesoma barua yako mpaka imekatika kwenye mikunjo. Alikaa siku mbili. Nilizaliwa tarehe 17 Septemba. Nimehesabu, Shangazi, halafu nikakumbuka koti la kijivu.

Niliyosema msibani siwezi kuyarudisha, watu waliyasikia. Msamaha sikuombi kwa barua kwa sababu utanijibu vibaya, na utakuwa na haki. Naomba kitu kimoja. Nionyeshe alipo.

Binti wa kaka yako

*

8 Septemba

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Mguu umevimba. Bado niko stoo.

Baba yako alimzika kaka yako akarudi, hakukanyaga huko tena. Njia tulikuwa tunaijua wawili, mimi na mama yako. Miaka mitatu sasa nakwenda peke yangu, na majani yanaota haraka kuliko mkono mmoja unavyong'oa.

Tarehe 19 naondoka nyumbani saa moja asubuhi. Simsubiri mtu anayechelewa. Njia ina tope, vaa viatu vya kuchafuka.

Shangazi yako